Utepe wa mm 25 unafumuka ukingo wa kushoto na kupinda: nirekebishe mashine ya sindano au nihamie ya shato?

Tepe_Kazi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za kufuma tepe.

Mashine yangu ni ya sindano, vichwa 6 (kila kichwa kinafuma utepe mmoja), ya mtumba, haina kitabu cha maelekezo. Natengeneza utepe wa mm 25 wa poliesta kwa ajili ya kamba za vitambulisho na kufungia zawadi. Mtande (nyuzi za kwenda urefu) ni nyuzi 120 za denia 150 (kipimo cha unene wa uzi), mshindio (uzi unaopita kwa upana) denia 150 vilevile, mapigo 10 kwa sentimita, yaani mshindio unaingizwa mara 10. Mwendo ni mapigo 1,200 kwa dakika. Mshindio unaingia kutoka kulia, na kushoto ndiko iliko sindano ya ulimi (ya ndoano yenye kifuniko kidogo kinachojifunga) inayofuma ukingo. Uzi wa mshindio ni huo mmoja tu, hakuna uzi mwingine unaoingia kwenye ukingo.

Matatizo ni matatu:

1. Nikikata utepe na kuvuta uzi mmoja mwishoni, ukingo wa kushoto unafumuka wote. Pia katikati ya roli natoka na vitundu ukingoni, hasa kichwa cha 4.
2. Nikiulaza mezani urefu wa mita moja, unapinda kuelekea kushoto. Vichwa vyote sita viko hivyo.
3. Roli ya mtande ikiwa imejaa napata mm 25 kamili. Ikikaribia kuisha napata 24, wakati mwingine chini ya hapo.

Kuna mtu anauza mashine ya zamani ya shato (chombo kinachobeba bobini ya mshindio kwenda na kurudi), tepe 20 kwa pamoja, kwa bei ya chini sana. Sampuli zake kingo zote mbili ni safi kabisa na hazifumuki. Je, nibadilishe?

---

FundiKitana

Mkuu, usibadilishe chochote kabla hujaujua ukingo wako ulivyo, maana tatizo la kwanza lina sehemu mbili ambazo hazihusiani.

Kwenye mashine ya sindano, mshindio haukatiki wala haubebwi na bobini. Sindano iliyopinda inaingiza uzi ukiwa umekunjwa mara mbili, inauacha upande wa pili, inarudi. Ndiyo maana kila pigo lina nyuzi mbili. Kulia uzi unazunguka uzi wa mwisho wa mtande na kurudi ndani, kwa hiyo ukingo huo ni imara. Kushoto kinabaki kitanzi, na sindano ya ulimi inakivuta kipite ndani ya kitanzi kilichotangulia, kama ukingo wa sweta. Ukivuta uzi kutoka upande uliofumwa mwisho, mnyororo wote unafunguka. Mashine yako haijaharibika. Mfumo wa mshindio kujifunga wenyewe ndivyo ulivyo. Jaribu kuvuta kutoka upande uliofumwa mwanzo, utaona haufunguki kirahisi hivyo.

Dawa ni uzi wa kufungia. Unaweka koni ya ziada kwa kila kichwa, uzi mwembamba kuliko mshindio (anza na denia 70), unapita kwenye kiongozi chake (kijitundu cha kuelekeza uzi) karibu na sindano ya ulimi. Sindano inafuma mnyororo kwa huo uzi mwembamba, na kitanzi cha mshindio kinabanwa ndani ya mnyororo. Hapo ukivuta mshindio haukimbii tena. Mashine nyingi za sindano zina nafasi ya kiongozi hicho hata kama kimeondolewa. Tafuta matundu mawili ya skrubu karibu na kitako cha sindano ya ulimi.

Uzi wa kufungia wenyewe bado unaweza kufunguka ukivutwa kutoka mwisho. Kwa kamba za kubeba uzito kuna mpangilio unaoongeza uzi mwingine wa kufunga mnyororo huo, lakini kwa zawadi na vitambulisho kata kwa kisu cha moto. Poliesta huyeyuka karibu nyuzi joto 250 hadi 260, ncha zinagandana na hakuna kinachofumuka. Usikate kwa mkasi halafu ukaulaumu ukingo.

Sasa vitundu vya kichwa cha 4. Kanuni ni hii: kosa likiwa kichwa kimoja, kagua sindano na viongozi vya kichwa hicho. Likiwa vichwa vyote sita kwa pamoja, kagua muda wa shafti inayoendesha sindano. Kwako ni kichwa kimoja, kwa hiyo usiguse shafti kabisa.

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe tu. Zungusha kwa gurudumu la mkono, polepole, tochi ikiwa imemulika sindano ya ulimi. Sindano ikisonga mbele, kitanzi cha zamani kinateleza nyuma ya ulimi na kuufungua. Uzi mpya unaangukia ndani ya ndoano. Sindano ikirudi, kitanzi cha zamani kinaufunga ulimi na kuruka juu yake. Ulimi ukijifunga kabla uzi haujaingia, una uchafu au umepinda. Uzi ukiangukia nje ya ndoano, basi sindano ya ulimi imejipinda, au sindano ya mshindio ya kichwa hicho haifiki mbali vya kutosha.

Ulimi mzima unaanguka kwa uzito wake ukiigeuza sindano juu chini. Ukikwama, osha mafuta ya uzi yaliyoganda kwa mafuta ya taa, kausha, jaribu tena. Ukikwama tena, tupa. Pia pitisha uzi laini ndani ya ndoano: ukikwaruza, ndoano imelika na itakata nyuzi.

---

Bi_Mtande

Nakubaliana na FundiKitana kwa ukingo. Mimi nizungumzie kupinda na upana, maana hapo watu wengi hugusa kitana (chanuo linalotenganisha nyuzi za mtande na kusukuma mshindio) wakati kosa liko nyuma na pembeni.

Utepe hupinda kuelekea upande ulio mfupi. Ukipinda kushoto, maana yake kushoto kumevutwa zaidi. Kwa vichwa vyote sita, shaka yangu ya kwanza ni kiasi cha mshindio unaolishwa. Piga hesabu: kila pigo linahitaji mara mbili ya upana, yaani mm 50, pamoja na kitanzi cha ukingoni. Anza na mm 52. Kwa mapigo 10 kwa sentimita, mita moja ya utepe ina mapigo 1,000, kwa hiyo inakula mita 52 za mshindio. Pima hivi: weka alama kwenye uzi unaotoka kwenye roli ya kulishia, zungusha kwa mkono mapigo 20, pima uzi uliopita. Unatakiwa uone sentimita 104. Ukipata 100 au pungufu, vitanzi vya kushoto vinakabwa na ukingo unafupika. Ukipata 110, vitanzi vitachomoza nje kama manyoya na ukingo utakuwa legevu.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Denia 150 ni gramu 150 kwa mita 9,000. Mita 52 za mshindio ni gramu 0.87. Mtande wa nyuzi 120, ukiongeza asilimia 5 ya kujikunja, ni mita 126 kwa kila mita ya utepe, yaani gramu 2.1. Jumla ni karibu gramu 3 kwa mita. Kata mita 10 kutoka kila kichwa, pima kwenye mizani ya vito au ya jikoni yenye desimali. Zote zikiwa karibu gramu 30, ulishaji uko sawa. Kichwa kitakachotoka na gramu 29 wakati wenzake wana 30 ndicho cha kukagua, na mara nyingi roli yake ya kulishia imechakaa na uzi unateleza.

Ukishaongeza uzi wa kufungia, kupinda kunaweza kuzidi kama uzi huo umekazwa. Mnyororo unakula karibu mara tatu ya urefu wa utepe. Anza na mita 3.3 kwa mita moja, kisha punguza kidogo kidogo hadi ukingo ulale. Na kwa kuwa ukingo wa kushoto una nyuzi nyingi zaidi, ondoa uzi mmoja au mbili za mtande karibu na sindano ya ulimi, la sivyo utepe ukiviringishwa upande huo utakuwa mnene na roli itakaa kama koni.

Upana kupungua ni breki ya roli ya mtande. Breki ya kamba na uzito inatoa nguvu ileile wakati wote, lakini kipenyo cha nyuzi kinapungua. Roli ikitoka mm 200 hadi 100, mvuto wa mtande unakuwa mara mbili. Mtande ukikazwa unanyooka, mshindio ndio unaolazimika kujikunja zaidi, na kwa kuwa urefu wake ni uleule, upana unapungua. Sogeza uzito kwenye wenzo kila kipenyo kinapopungua mm 20. Ni kazi ya kuchosha, vichwa sita, lakini haina gharama.

Suluhisho la kudumu ni mkono wenye roli ndogo unaoegemea juu ya nyuzi za mtande: roli inavyopungua mkono unashuka na kulegeza breki wenyewe. Fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Bora zaidi ni roli tatu zenye mpira zinazoendeshwa na mashine na kulisha mtande kwa kipimo. Zikiwepo, breki ya nyuma inabaki kuzuia roli isizunguke hovyo tu.

---

Gia_na_Reli

Niongelee hiyo mashine ya shato, maana watu huiona ni kitu cha makumbusho na sivyo.

Kabla ya mwisho wa karne ya 16, mfumaji mmoja alifuma utepe mmoja. Mashine ya kufuma tepe nyingi kwa pamoja inasimuliwa kuonekana kwanza Danzig, ambayo leo ni Gdańsk, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa inafanya kazi Leiden, Uholanzi. Ilichukiwa kwa sababu inayoeleweka: mtu mmoja alifuma kazi ya watu wengi. Wafumaji wa London walifanya ghasia na kuzivunja mwaka 1675, na katika nchi za Kijerumani zilipigwa marufuku. Basel, Uswisi, waliingiza mashine hizo miaka ya 1660 na mji ukatajirika kwa tepe.

Tatizo la kiufundi lilikuwa shato. John Kay alitengeneza shato la kurushwa mwaka 1733, lakini lile ni la kitambaa kipana: linapigwa upande mmoja, linateleza, linasimama kwenye sanduku upande wa pili. Kwenye tepe 20 zilizopangwa safu moja hakuna nafasi ya kurusha wala ya masanduku, na mashato 20 yaliyorushwa hayawezi kufika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kwenye tepe shato lazima lishikwe muda wote. Mwanzoni lilisukumwa kwa vijiti vilivyofungwa kwenye ubao mmoja unaokwenda kushoto na kulia. Baadaye ikaja reli ya meno inayopita urefu wote wa mashine, na gia ndogo pande zote mbili za kila utepe. Shato lina meno chini yake. Ni refu kuliko pengo kati ya gia mbili, kwa hiyo gia ya pili inalidaka kabla ya ya kwanza kuliachia. Kay huyohuyo, pamoja na Joseph Stell, walipata hataza mwaka 1745 ya kuendesha mashine ya tepe kwa kamu (gurudumu lisilo duara kamili linalosukuma sehemu nyingine), ili iweze kuzungushwa kwa mkono, maji au nguvu nyingine. Hapo ndipo miguu ya mfumaji ilipoanza kutolewa kazini.

Kutokana na muundo huo, ukiikagua hiyo ya mtumba angalia haya. Sukuma kila shato kwa kidole huku reli imesimama: likicheza zaidi ya nusu ya jino, gia zimelika. Meno yakivunjika kwenye gia moja tu, shato hilo litachelewa na kugongwa na kitana, na likigongwa linaharibu mtande wote wa utepe huo. Kagua springi iliyomo ndani ya shato. Uzi unalegea kila shato likigeuka, na springi ndiyo inayouvuta urudi. Springi ikifa, ukingo unakuwa na vitanzi vya kunyong'onyea. Shato likiwa la mti, tafuta nyufa kwenye meno.

Lakini fanya hesabu ya uzalishaji kwanza. Shato linaingiza uzi mmoja kwa kila pigo, kwa hiyo kupata kitambaa kama chako unahitaji mapigo 20 kwa sentimita. Ikienda mapigo 180 kwa dakika, kila utepe unatoka sm 9 kwa dakika, yaani mita 5.4 kwa saa, na tepe 20 ni mita 108. Yako ya sindano: mapigo 1,200, 10 kwa sentimita, ni mita 72 kwa saa kwa kichwa, mita 432 kwa vichwa sita. Halafu bobini. Ikibeba gramu 20 za denia 150 ni mita 1,200 za uzi, na utepe wako unakula takriban mita 52 kwa mita. Bobini inaisha baada ya mita 23 hivi, sawa na saa nne na robo. Kwa mashato 20, mhudumu atabadilisha bobini kila dakika 13, mchana kutwa, na kila moja lazima ijazwe kwenye mashine nyingine.

Mashine ya shato ina faida pale kingo mbili lazima zifanane kabisa, mfano utepe wa nishani, au unapofuma bomba lisilo na mshono. Kwa kamba za vitambulisho, hapana.

---

Tepe_Kazi

Nashukuru sana. Nimepima ulishaji kama alivyoeleza Bi_Mtande: mapigo 20 yanatoa sm 99 kwenye vichwa vyote. Ulimi wa kichwa cha 4 unakwama ukigeuzwa. Matundu mawili ya skrubu yapo, viongozi ndio havipo.

Swali la nyongeza: umeme nilionao ni wa fezi moja, mota ni ya fezi tatu na sasa inaendeshwa kwa kapasita, inapata moto. Nataka pia kupunguza mwendo wakati wa kujaribu uzi mpya. Nifungeje?

---

Volti_220

Funga invata (kifaa kinachogeuza umeme wa fezi moja kuwa fezi tatu na kubadilisha mwendo wa mota), uitoe hiyo kapasita kabisa. Soma kibao cha mota. Ikiwa imeandikwa 220/380, badilisha viunganishi vya ndani viwe vya delta (pembetatu) badala ya nyota, kwa sababu invata ya fezi moja inatoa fezi tatu za volti 220, si 380. Ukiiacha kwenye nyota itakosa nguvu na kupata moto uleule. Kibao kikiandika 380/660, mota hiyo haifai kwa invata ya volti 220.

Kwa Hz 50 una mapigo 1,200. Ukiweka 35 unapata 840, mwendo mzuri wa kujaribia uzi. Usikae muda mrefu chini ya Hz 25, feni ya mota iko kwenye shafti yake yenyewe na ikizunguka polepole haipozi kitu.

Mambo mawili yanayoharibu invata kwenye mashine hizi. La kwanza, usiweke swichi kati ya invata na mota. Kuwasha na kuzima kupite kwenye vituo vya amri vya invata. La pili, breki ya sumaku. Kama waya zake zimechukuliwa kwenye vituo vya mota, zihamishe zipate umeme wake peke yake, kwa sababu volti ya invata hubadilika na mwendo na breki haitaachia vizuri.

Weka muda wa kusimama uwe mfupi. Mapigo 1,200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde. Mashine ikichukua sekunde moja kusimama baada ya uzi kukatika, imeshafuma mapigo kama 10, yaani sentimita nzima ya utepe mbovu. Breki ikiwa nzima, nusu sekunde inawezekana.

---

FundiKitana

Sm 99 badala ya 104 inatosha kueleza kupinda kote huko. Ongeza kipenyo cha roli ya kulishia kama ni ya kurekebishwa; kama ni ya ngazi, hamia ngazi inayofuata, kisha pima upya. Fanya hivyo kabla ya kuongeza uzi wa kufungia, ili ujue kila badiliko limeleta nini.

Sindano ya kichwa cha 4 badilisha, na ukinunua chukua angalau 12. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha urefu, unene wa shina na umbo la kitako. Mafundi wa mashine za masweta wana sindano za ulimi zinazofanana sana, lakini kitako kikitofautiana hata kidogo haitakaa kwenye kishikio. Ukiifunga, usikaze skrubu hadi mwisho kabla ya kuzungusha kwa mkono mapigo machache na kuona ndoano na sindano ya mshindio zinapishana bila kugusana. Zikigusana kwa mapigo 1,200, ndoano inavunjika dakika ileile na kipande kinaingia kwenye kitana.

Ukiwa umefungua hapo, kagua springi zinazorudisha fremu za vitanzi (zinazoinua na kushusha nyuzi za mtande). Ikilegea moja, fremu haishuki hadi chini, pengo la mtande linakuwa finyu, na sindano ya mshindio inapita chini ya nyuzi ambazo ilitakiwa ipite juu yake. Utaona mistari ya nyuzi zinazoelea urefu wa utepe. Zibadilishe zote za fremu hiyo kwa pamoja, mpya na za zamani hazivuti sawa.

---

Bi_Mtande

Niongeze moja kuhusu viongozi. Vya uzi wa kufungia viwe vya kauri au chuma kilichong'arishwa vizuri. Poliesta inachimba mfereji kwenye chuma laini, na mfereji huo unauchana uzi wa denia 70 polepole hadi unakatika bila sababu inayoonekana. Kila wiki pitisha ukucha kwenye tundu la kiongozi, ukisikia mchubuko, geuza au badilisha.